Dakika ya Kwanza: Kutoka Wodi ya Watoto Kilifi Hadi Mchezo wa Simu

Mwaka 1989 Kilifi haikuwa na daraja. Aliyetoka Mombasa kwenda Malindi alifika Mnarani, akangoja feri pamoja na mabasi na malori, akavuka, ndipo akaendelea na safari. Hospitali ya wilaya, kama ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa ng'ambo ya kaskazini. Mtoto mgonjwa wa Takaungu alivushwa kwa feri hiyo. Wa Ganze au Bamba alishushwa kwa njia ya vumbi, mgongoni mwa mamake au juu ya baiskeli ya jirani, mpaka apatikane mwenye gari. Wengi walifika wakiwa wamebakiwa na saa chache tu.

Mwaka huohuo, ndani ya hospitali hiyo, kikundi kidogo cha watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kilianza kazi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, kwa fedha za Wellcome Trust ya Uingereza. Miongoni mwao alikuwa daktari Mwingereza Kevin Marsh na daktari Mkenya Norbert Peshu, aliyekuja kukiongoza kituo cha utafiti kilichotokana na kazi hiyo. Walikuja kuichunguza malaria kali kwa watoto, wala habari za michezo hazikuwamo kwenye shughuli yao. Lakini anayetaka kuelewa jinsi mwanafunzi wa udaktari au uuguzi alivyofikia kujifunza kumwokoa kichanga kwa kucheza kwenye simu hana budi kuanzia wodi hii. Mchezo wa kufundishia hauwezi kutengenezwa kabla ya kujulikana ni kipi hasa mwanafunzi akikikosa, mtoto hufa.

Jibu la kwanza lilichapishwa mwaka 1995 katika jarida la New England Journal of Medicine. Marsh na wenzake walikuwa wamewafuatilia watoto 1,844 waliolazwa Kilifi kwa malaria. Watoto 64 walifariki. Kati ya hao, 54 walikuwa wameingia wodini na mojawapo ya dalili mbili, au zote mbili: fahamu zimepungua, au wanapumua kwa taabu. Tena zaidi ya vifo vinane katika kila kumi vilitokea ndani ya saa 24 tangu mtoto alazwe.

Takwimu hizi zina uzito wake kwa mwalimu. Dalili hizo mbili hazihitaji maabara. Zinaonekana kwa macho, kitandani, na yeyote aliyefundishwa kukitazama kifua cha mtoto na kumwita aone kama anaitika. Muda nao umejulikana: atakayeamua hatima ya mtoto si bingwa atakayepita kesho asubuhi na msururu wa wanafunzi nyuma yake, ni yule aliye zamu usiku huu. Na aliye zamu usiku, katika hospitali nyingi za Kenya, ni daktari aliyetoka chuoni juzi, au tabibu, au muuguzi mmoja.

Je, huyo alikuwa ameandaliwa? Mike English, daktari wa watoto aliyekuwa amefanya kazi Kilifi miaka ya 1990, alitoka na swali hilo akalipeleka nchini kote. Mwaka 2002 yeye na wenzake walizikagua hospitali 14 za rufaa ya kwanza, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2004. Vifo vya watoto waliolazwa vilitofautiana sana, kutoka asilimia 4 katika hospitali moja hadi 15 katika nyingine. Vifaa vilipungua, hilo lilitarajiwa. Lakini hata palipokuwa na dawa, vipimo vya kawaida vya mgonjwa havikuandikwa, dozi zilikosewa, na mtoto mahututi alikaa kwenye foleni ileile na mwenye mafua. Waliokuwa wakifanya makosa hayo walikuwa wamefaulu mitihani. Huenda wengi wao, ungewauliza dalili za hatari, wangezitaja moja baada ya nyingine bila kusita.

Hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Kujua jibu la swali kwenye karatasi ni jambo moja; mikono kufanya jambo sahihi kwa mpangilio sahihi, mama analia pembeni na taa imekatika, ni jambo jingine kabisa. Vyuo vyetu vilifundisha lile la kwanza kwa miaka mingi vikidhani vimefundisha yote mawili. La pili lilijifunziwa kwa watoto wenyewe, na gharama yake ilibebwa na familia ambazo hazikuambiwa kuwa mtoto wao ndiye darasa.

Njia nyingine ilikuwa tayari ipo duniani, na ilitengenezwa na mtu wa midoli. Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, aliuza vitu vya kuchezea watoto na alikuwa hodari wa plastiki laini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati madaktari kama Peter Safar walipokwisha kuonyesha kuwa aliyeacha kupumua anaweza kupuliziwa pumzi mdomo kwa mdomo, Laerdal alishawishiwa atengeneze mwili wa bandia ambao watu wangejifunzia. Mwaka 1960 akamtoa Resusci Anne, mdoli wa ukubwa wa mtu mzima ambaye kifua chake huinuka ukimpulizia vizuri na hukaa kimya ukimpulizia vibaya. Kile kifua kinachokataa kuinuka ndicho kilichomfanya mdoli yule awe mwalimu. Hakuna haja ya mkufunzi kukukemea. Plastiki yenyewe imekujibu.

Afrika Mashariki ilihitaji zaidi ya mdoli, ilihitaji hadithi za kumzunguka. Blantyre, Malawi, daktari Elizabeth Molyneux alikuwa amepanga upya mapokezi ya watoto wagonjwa, na kazi yake ikachangia mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ya kuwachambua na kuwatibu watoto wenye dharura, yanayojulikana kwa kifupi kama ETAT. Kenya iliyachukua mafunzo hayo katikati ya miaka ya 2000 ikayaongezea matunzo ya mtoto baada ya kulazwa na matunzo ya kichanga, kisha ikayaita ETAT+. Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Nairobi, chama cha madaktari wa watoto wa Kenya na KEMRI walifanya kazi hiyo pamoja; daktari Grace Irimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa miongoni mwa walioibeba kwa muda mrefu zaidi. Kitabu kidogo cha miongozo, cha kutiwa mfuko wa koti, kilitolewa kwenda na mafunzo hayo. Somo lenyewe lilichukua takriban siku tano.

Tuingie kwenye chumba kimoja cha mafunzo. Meza moja, mdoli wa mtoto juu yake, ambu (mfuko wa kubinya wa kumpulizia mgonjwa hewa) na maski za ukubwa mbalimbali, wanafunzi wachache wamesimama kuizunguka. Mkufunzi anasema: mtoto wa miezi kumi na minane ameletwa sasa hivi, amelegea. Kisha ananyamaza. Mwanafunzi anayetakiwa kucheza anasubiri aelezwe zaidi, lakini hataelezwa. Akiinama kutazama kifua, mkufunzi atamwambia jinsi kinavyokwenda. Akigusa mkono kuona kama ni baridi hadi wapi, ataambiwa. Asipogusa, haambiwi. Akiruka njia ya hewa akakimbilia dripu, hali ya mtoto itaendelea kuharibika, na mkufunzi ataitangaza kwa sauti ileile tulivu. Wenzake wanaona. Akishika maski vibaya, hewa inavujia shavuni kwa mlio unaosikika chumba kizima, na kifua hakiinuki. Anarekebisha vidole, anaivuta taya juu kidogo, anabinya tena. Kinainuka.

Aliyebuni kanuni hiyo ya ukimya alielewa jambo kubwa. Kwenye karatasi ya mtihani, taarifa zote za mgonjwa zimekwisha kuandikwa, na mwanafunzi kazi yake ni kuchagua. Wodini hakuna aliyekuandikia. Taarifa unayopata ni ile uliyoitafuta. Zoezi lililojengwa vizuri humrudishia mwanafunzi mzigo wa kutafuta. Mimi nadhani hili ndilo linalotenganisha mchezo unaofundisha na mapambo ya kompyuta yanayopewa jina la mchezo, na vyuo vinavyonunua programu za bei kubwa vingefaa kuuliza swali hilo kwanza: je, mwanafunzi anatafuta, au anabonyeza tu?

Je, mafunzo ya namna hii yalifaa? Hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilitoa ushahidi wa mapema. Wahudumu waliopewa mafunzo ya siku moja ya kumhuisha kichanga walitazamwa wakiwa kazini, kwa watoto halisi, wakalinganishwa na ambao hawajafundishwa. Hatua za mwanzo zilifanywa ipasavyo katika matukio 66 kwa kila 100 kwa waliofundishwa, dhidi ya 27 kwa wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Baadaye jaribio kubwa katika hospitali nane za wilaya lilionyesha kuwa mafunzo yakiambatana na usimamizi na mrejesho wa mara kwa mara huinua ubora wa matunzo. Somo la ETAT+ likaingia kwa wanafunzi wa udaktari wa Nairobi, likavuka mipaka hadi Rwanda na kwingineko.

Kisha mwaka 2011 Kilifi ikatoa habari iliyomlazimu kila aliyefundisha arudi kwenye maandishi yake. Kathryn Maitland, akifanya kazi kutoka Kilifi, aliongoza jaribio lililoitwa FEAST katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa miaka mingi ilikubalika kuwa mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vyema amiminiwe maji ya mshipani kwa haraka. Lilikuwa jambo la vitabuni, na mazoezi ya kuigiza dharura kote duniani yalimtunza alama aliyelifanya upesi. Watoto 3,141 walishirikishwa. Waliomiminiwa maji kwa haraka walifariki kwa kiwango cha karibu asilimia 10.6 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, na miongozo ya Kenya ikabana sana masharti ya kumimina maji hayo.

Sijui tukio jingine linaloonyesha wazi hivi hatari ya kufundisha kwa kuigiza. Mkono uliozoezwa haufikiri. Ndiyo faida yake, na ndiyo hofu yake. Ukiuzoeza jambo lisilo sahihi, utalifanya jambo hilo kwa haraka na kwa uhakika. Kitabu chenye kosa husomwa na wengi wakakisahau, lakini mazoezi yenye kosa hukaa mwilini. Kwa hiyo anayetunga mchezo wa kufundishia tabibu anabeba dhamana ya kuurudia kila ushahidi unapobadilika, na chuo kinachoununua kinapaswa kujua nani atakuwa akiurekebisha miaka mitano ijayo.

Wakati huohuo Tanzania ilikuwa ikijifunza somo la pili, gumu zaidi. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani na washirika wake walizindua mafunzo ya Helping Babies Breathe. Kampuni ya Laerdal, wakati huo ikiwa chini ya mwanawe, ilitengeneza kwa ajili yake mdoli wa kichanga anayejazwa maji ili awe na uzito na ulegevu wa mtoto halisi, na mwenye vibofu ambavyo mkufunzi huvibinya kumfanya apumue, alie, au mapigo ya kitovu yasikike vidoleni. Lengo ni moja: mtoto asiyepumua baada ya kukaushwa na kusisimuliwa aanze kupewa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Katika hospitali nane za Tanzania, timu iliyokuwa na daktari Georgina Msemo iliripoti mwaka 2013 kuwa vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo kuanza.

Lakini Haydom, hospitali ya Kilutheri mkoani Manyara, watafiti waliangalia kwa karibu zaidi. Baada ya mafunzo ya siku moja wakunga walifanya vizuri sana kwenye mdoli. Miezi kadhaa baadaye bado walifanya vizuri kwenye mdoli. Chumba cha kujifungulia, hata hivyo, hakikubadilika: watoto walihudumiwa vilevile kama zamani. Matokeo hayo, nayo ya 2013, yangeweza kufichwa. Yakachapishwa, na kwa hilo wanastahili heshima. Kisha wakabadilisha mpango. Mdoli akawekwa wodini, na wakunga wakawa wanafanya zoezi la dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale wanapofanyia kazi. Vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ni ulinganisho wa kabla na baada, kwa hiyo si kila kitu kinaweza kuhesabiwa kwa mdoli. Lakini mwelekeo ni ule anaoujua kila aliyejifunza bao barazani Shela, Malindi: hakuna aliyeujua mchezo kwa kuketi siku moja ndefu. Unaketi, unaliwa kete zako, unaondoka, kesho unarudi.

Kurudi kila wiki ndiko kulikokuwa shida ya ETAT+. Siku tano za mafunzo zinahitaji wakufunzi, ukumbi, usafiri, na hospitali iwaachie wauguzi wake ambao tayari hawatoshi. Zahanati ya ndani Magarini au Marafa haiwezi kumwachia muuguzi wake wa pekee wiki nzima. Na aliyehudhuria mara moja, maarifa yakianza kufifia, hakuna wa kumkumbusha.

Katikati ya miaka ya 2010, Mike English na wenzake wa Oxford, akiwemo Chris Paton wa upande wa teknolojia ya afya, daktari wa ganzi Hilary Edgcombe na mtaalamu wa elimu Niall Winters, pamoja na timu ya KEMRI-Wellcome jijini Nairobi, waliamua kuihamishia ile meza ya mafunzo kwenye simu. Waliuita mchezo LIFE. Mchezaji anajikuta ndani ya hospitali iliyochorwa kwa kompyuta, chumba chenye vitanda, makabati na taa. Mtoto amezaliwa, hapumui. Lazima atafute taulo, kofia, ambu na maski inayomtosha, aamue hatua inayofuata, na saa inakwenda. Akikosea, anaonyeshwa na kurudishwa kujaribu tena. Ulitengenezwa uende kwenye simu za kawaida za Android, bila malipo. Lilitengenezwa pia toleo la miwani ya kufunika macho yote, ambalo humfanya mtu ageuze kichwa kutafuta kifaa kama anavyofanya wodini. Toleo la miwani linapendeza kwenye maonyesho. La simu ndilo lenye maana kwetu, kwa sababu simu imo tayari mfukoni mwa mwanafunzi wa chuo cha mafunzo ya utabibu Kilifi na wa uuguzi katika Chuo Kikuu cha Pwani.

Kazi ya kina zaidi kuhusu mchezo huo ilifanywa na Mkenya Timothy Tuti, mtafiti wa takwimu za afya. Yeye alishika swali ambalo watunzi wengi wa michezo huliruka: mchezaji akikosea, simu imwambie nini? Unaweza kumwandikia kila mtu maelezo yaleyale. Au unaweza kuitazama historia ya huyu mmoja, amekosea wapi mara ngapi, anajua nini tayari, kisha ukampa msaada unaolingana naye, mdogo kwanza, mkubwa akizidi kukwama. Alizilinganisha njia hizo mbili kwa jaribio la kupanga washiriki kwa bahati nasibu, lililochapishwa mwaka 2020. Mkufunzi mzuri kwenye meza ya ETAT+ hufanya hivyo bila kufikiri. Anamwona mwanafunzi huyu anatetemeka, yule anajiamini kupita kiasi. Kuifundisha simu jambo hilo ni kazi ya hesabu nyingi, na nafurahi kuwa iliyoifanya ni akili ya hapa kwetu.

Simu ina udhaifu wake, na usifichwe. Haifundishi vidole. Ule mlio wa hewa inayovuja shavuni hausikiki kwenye kioo, wala uzito wa taya ya mtoto haupo. Kwa hilo mdoli bado anahitajika, na kila chuo kiwe naye pale ambapo mwanafunzi anaweza kumfikia bila kuomba ufunguo. Wala mchezo wowote hauzai oksijeni au muuguzi wa pili. Tafiti za wodi za vichanga Nairobi zimeonyesha wauguzi wa hospitali za umma wakiwa na watoto wengi kuliko wanaoweza kuwahudumia, kiasi kwamba sehemu kubwa ya matunzo yanayohitajika haifanyiki. Serikali ya kaunti ikinunua programu badala ya kuajiri, itakuwa imewaonea wote wawili, muuguzi na mtoto.

Na kuna mtu mmoja ambaye mdoli hakuwa naye na simu haijampa nafasi ya kutosha: mama. Pwani yetu mama wa mtoto mwenye degedege mara nyingi ameshapita kwa mganga, kwa kuwa wazee wamemwambia ni nyuni, pepo anayeaminiwa kuwashika watoto. Yeye ndiye anayejua mtoto alianza saa ngapi, amepewa nini, amenyonya lini. Akikaripiwa mlangoni hatasema, na tabibu atatibu kwa kubahatisha. Kilifi ina utaalamu wake katika jambo hili pia. Muuguzi Mwanamvua Boga, akishirikiana na Ane Haaland kutoka Norway, amewafundisha wahudumu wa afya jinsi ya kuzungumza na wagonjwa na jinsi ya kuitambua hasira na hofu yao wenyewe kabla haijamwangukia mgonjwa. Washiriki hupewa kazi ya kujitazama wakiwa kazini kwa miezi, kisha hukutana na kufanya mazoezi ya kuigiza.

Mafunzo hayo na mchezo wa simu yamekua jirani, yakilelewa na taasisi zenye undugu, na, nijuavyo, bado hayajaoana. Chuo Kikuu cha Pwani kipo mjini palepale, kikiwa kilianza kama chuo kishiriki mwaka 2007 na kupata hati yake mwaka 2013. Kina wanafunzi wanaokijua Kigiriama, Kichonyi na Kiswahili cha Malindi, na kina walimu wa kompyuta. Tukio la mchezo lililotungwa hapo lingeanza mapema zaidi, kabla ya ambu kuguswa: mama amefika na mtoto mgongoni, anajibu kwa neno moja moja, na mchezaji ana nusu dakika ya kumsalimu, kumuuliza na kumsikiliza huku macho yake yakikitazama kifua cha mtoto.